Mkonga wa Lori la Remigius

Lori la Remigius lilizimika asubuhi ya siku ya soko, pale bondeni ambapo maji ya mfongo hukatiza barabara ya Kibosho, na lilizimika vibaya. Halikukohoa wala kusitasita kama gari linaloishiwa petroli. Liliteremka kwa mbio, likayapasua maji yakaruka pande zote mbili hadi kwenye migomba, likatoa mlio mmoja mzito kama sufuria iliyoanguka kwenye sakafu ya saruji, kisha kimya. Juu ya magunia ya kahawa ya chama cha ushirika walikuwa wamekaa akina mama na mikungu yao ya ndizi. Wote walirushwa mbele wakalaliana.

Lukresia, mke wa Remigius, alikuwa shambani kando ya barabara hiyo hiyo, khanga ameifunga kiunoni, miguu imezama kwenye tope. Maji yale yalikuwa yake. Mfongo ni mfereji uliochimbwa na mababu kutoka mtoni huko juu karibu na msitu, ukateremka kihamba kwa kihamba, shamba la ukoo mmoja hadi la mwingine, na kila nyumba ina siku yake ya kuyapata maji. Siku hiyo ilikuwa zamu ya nyumba ya Remigius. Upande wa chini wa barabara Lukresia alikuwa ameuziba mfongo kwa vigogo vya migomba na udongo, ili maji yapande yageukie kwenye kitalu chake cha miche ya kahawa na kwenye maharage. Yakipanda hivyo, pale barabarani yalikuwa yanamfikia mtu mzima magotini. Alifanya hivyo kila kiangazi tangu mumewe aliponunua lori na kuacha kushika jembe, na magari yote yalipita, la mumewe likiwa la kwanza.

Remigius alishuka, viatu vyake vya kwendea mjini vikajaa maji. Alichukua hendeli, akaichomeka mbele ya injini, akazungusha. Haikuzunguka. Akavua koti, akazungusha tena kwa nguvu zake zote, mishipa ya shingo imemsimama. Hendeli ilikataa kana kwamba imechomelewa.

Hapo ndipo alipoinua macho akamwona mkewe.

"Nani alikwambia ufungue maji siku ya gari?" akauliza, kwa sauti ya kuwafikia abiria wote.

Lukresia alijifuta mikono kwenye khanga kwanza. Alimwambia kwamba siku ya maji hapangi yeye, hupanga mzee wa mfongo, na kwamba hata juzi usiku alimkumbusha, naye akaitikia huku anakula. Tena gari lenyewe hupita hapa kila siku ya zamu tangu binti yao Justina hajaanza kutembea, na Justina sasa anasoma darasa la pili.

"Maji ya leo ni mengi," alisema Remigius.

"Maji ni yale yale, Baba Justina."

Wakiwa wanabishana hivyo lori la Filemon likatokea juu ya kilima. Filemon alikuwa mpinzani wa Remigius katika biashara, mtu mpole asiye na haraka, na lori lake lilikuwa kuukuu kuliko hata la Remigius, mlango mmoja umefungwa kwa kamba ya katani. Aliteremka taratibu, akaingia majini upande ambao lori la Remigius halikuuziba, maji yakafika katikati ya magurudumu, akatoka ng'ambo. Alisimama, akasalimia, akauliza kama anaweza kusaidia. Akina mama hawakungoja jibu la Remigius. Walianza kushusha mikungu, wakavuka maji na kupanda kwa Filemon, na mmoja wao alirudi hadi kwa Remigius, akanyoosha kiganja kudai nauli yake. Remigius alimrudishia mbele ya watu. Magunia ya chama nayo yalihamishwa, na aliyeyabeba begani kuyavusha, moja baada ya jingine, ni Remigius mwenyewe.

*

Kitu ambacho hakuna aliyekitaja asubuhi ile, ingawa kila mtu alikiona, ni mkonga.

Lori lile lilikuwa la jeshi, la wakati wa vita, na lilikuwa na ugonjwa mmoja: likipanda mlima na mzigo lilichemka. Filemon alikuwa akilipita pale kwenye kona ya kanisa, polepole, bila hata kupiga honi, na hilo lilimuuma Remigius kuliko kama angepigiwa. Basi mwezi uliopita alikwenda mjini kwa fundi wake, Mashaka, mwenye karakana nyuma ya stesheni. Wawili hao walikunywa chai, wakafunua boneti, wakakubaliana kwamba injini inachemka kwa sababu inavuta hewa ya moto iliyo mle ndani. Wakaling'oa kopo la kuchujia hewa lililokuja na gari. Mahali pake Mashaka akaunga bomba la bati, nene kama paja la mtoto, likapita kando ya rejeta na kushuka hadi chini ya bampa, mdomo umeelekea mbele, umefungwa wavu wa kuchujia tui ili usimeze mawe. Kiungio kilikazwa kwa mpira wa baiskeli. Hewa ya baridi, alisema Mashaka, iko chini.

Watu wa Kibosho waliliona bomba lile wakaliita mkonga, na Remigius alilipenda jina hilo. Aliupaka mkonga rangi nyekundu. Injini ilipata sauti mpya, nene, ya kusikika tangu mtu akiwa bado kwenye barabara kuu. Na kweli, wiki ile ya kwanza alimpita Filemon kwenye kona ya kanisa. Alisimulia jambo hilo kilabuni, akalisimulia nyumbani, akalisimulia kwa padri aliyekuwa amesimama tu akingoja mvua ya manyunyu ikatike.

Lukresia alipouona mkonga siku ya kwanza aliuliza kwa nini mdomo uko chini hivyo. Aliambiwa mambo ya injini ayaache.

*

Mashaka alifika mchana kwa gari la Filemon lililokuwa linarudi, akiwa na kapu la spana na ovaroli ambayo rangi yake haijulikani tena. Maji yalikuwa yamekwisha kupungua. Lori lilikuwa limesukumwa hadi ng'ambo, chini ya mti wa mringaringa, na vijana waliolisukuma walikuwa bado wapo kwa sababu hawakuwa na kazi nyingine ya kufurahisha kuliko hiyo.

Mashaka alifungua plagi zote, akazipanga kwenye kitambaa. Alimwomba Remigius azungushe hendeli. Safari hii ilizunguka, kwa shida, na kutoka kwenye matundu ya plagi maji yakaruka juu, ya kahawia, yenye vipande vya majani ya mgomba. Vijana walicheka. Mashaka akalala chini ya gari, akafungua sampu, lile bakuli la mafuta chini ya injini, mafuta yakatoka meupe kama uji. Alipoinuka uso wake ulikuwa wa mtu aliyetoka kumwona mgonjwa.

Lukresia alikuwa ameleta chakula, kwa kuwa fundi ni mgeni na mgeni hula. Alisimama na sahani za kiburu cha ndizi na maharage mkononi akasikiliza.

"Fimbo ya pistoni imepinda," alisema Mashaka. "Injini huvuta hewa ikaibana. Hewa inabanika. Maji hayabaniki, bwana Remigius. Pistoni ikija juu na kukuta maji, lazima kitu kimoja kipinde."

"Sasa hayo maji yameingilia wapi?" aliuliza Lukresia.

Mashaka alimtazama Remigius. Remigius aliitazama injini.

"Maji yana njia nyingi, Mama Justina."

"Nionyeshe mojawapo."

Mashaka alijikuna kidevu. Alieleza kwamba maji yakiwa mengi kupita kiasi yanaweza kupenya popote, kwamba gari ni la zamani, kwamba hata meli huzama. Remigius aliongezea kwamba Wazungu wenyewe waliotengeneza gari hawakutegemea kuna mtu atafungulia mto mzima barabarani. Wanaume hao wawili walikuwa wakipokezana maneno vizuri sana, mmoja akichoka mwenzake anadaka, na muda wote huo mkonga mwekundu ulikuwa katikati yao, matone yakiudondoka kwenye wavu.

Lukresia aliweka sahani juu ya bampa.

"Kuleni, chakula kinapoa," alisema, akarudi shambani kwake.

*

Fimbo mpya ilikuwa haipatikani Moshi. Iliagizwa Mombasa, na Mashaka alisema itakuja, neno ambalo halina tarehe. Wakati huohuo watu waliotegemea lori walitaka maelezo. Katibu wa chama alitaka, akina mama wa ndizi walitaka, na kila aliyekutana na Remigius njiani alianza na pole, akamalizia na swali. Remigius alikuwa na jibu moja tu. Alisema maji yalifunguliwa mengi mno. Mwanzo alisema yalifunguliwa, bila kumtaja aliyefungua. Lakini kila mtu alijua zamu ilikuwa ya nani, na maneno yakapanda mlima kwa kasi ambayo lori halikuwahi kuifikia.

Yakamfikia mzee Elimringi, mzee wa mfongo. Huyu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa utaratibu. Wazee wenzake walikuwa na lalamiko la siku nyingi kwamba nyumba ya Remigius haileti mwanaume kwenye kazi ya kuzibua mfongo, huleta mbege tu, na kwamba maji yao yanafunguliwa na mwanamke. Sasa yametokea madhara. Ilisemwa kwamba zamu ya nyumba hiyo ichukuliwe, ipewe nyumba nyingine hadi mvua za masika. Kikao kikapangwa Jumapili ya wiki iliyofuata, baada ya Misa, na kwa desturi nyumba inayoshtakiwa ndiyo inayoleta pombe.

Hivyo Lukresia akaanza kupika mbege ya kumhukumu. Alichemsha ndizi mbivu, akaloweka ulezi, akausaga, na mama mkwe wake, Bernadetha, akaja kumsaidia kukoroga. Kitaluni miche ilikuwa imefika kiganja kimoja urefu, majani mawili mawili yanang'aa. Kiangazi kikiwa vile, bila maji isingemaliza mwezi. Lukresia alikuwa ameiotesha kwa mbegu alizozichagua mwenyewe punje kwa punje, na mwaka wa mbele ndiyo ilikuwa ijaze kipande cha juu cha kihamba ambacho hakikuwa na kitu. Alimweleza mama mkwe hivyo. Alimweleza pia habari za mkonga.

"Nimeuona," alisema Bernadetha. "Mtoto mdogo angejua."

"Basi aseme. Akisema tu kwamba ni mkonga, wazee hawana neno."

"Atasema. Nimemzaa mimi, namjua."

"Umemzaa, mama, ila hujaolewa naye."

Bernadetha alicheka hadi mwiko ukamponyoka. Lukresia hakucheka. Jumamosi jioni, wakati anamwekea mumewe maji ya kunawa, alimwambia kwa upole kabisa kwamba kesho hana haja ya kuomba msamaha wala kueleza mengi. Aseme tu kwamba maji yaliingia kwa mkonga. Filemon alivuka maji yale yale na watu walimwona.

Remigius alinawa mkono mmoja, akanawa wa pili. Alikuwa anauona uwanja wa kilabu moyoni mwake. Alikuwa anawasikia wanywaji wakimcheka. Mtu aliyetoboa gari lake mwenyewe ili linywe maji, nani atampa tena magunia ya kahawa?

"Nitaona," alisema.

"Utaona nini, Baba Justina? Limekwisha onekana."

"Nimesema nitaona."

*

Kikao kilifanyika juu, pale mfongo unapogawanyika. Wanaume walikaa kwenye nyasi wakiwa bado na nguo za kanisani. Wanawake walisimama nyuma. Kwa mambo ya mfongo mwanamke hasemi mpaka aulizwe, na haulizwi. Mtungi wa Lukresia ulikuwa katikati umefunikwa jani la mgomba, na ilikuwa mbege nzuri, jambo ambalo wazee wawili watatu walilisema kwa kunusa tu.

Vijana walitoa shikamoo, wazee wakaitikia. Elimringi alieleza shauri lilivyo. Kisha akamgeukia Remigius, akamuuliza kwa sauti ya kawaida, maana alitaka kweli kujua, maji ya siku ile yalikuwaje.

Lukresia aliona mgongo wa mumewe ukinyooka. Aliona masikio yake. Kwa miaka yote ya ndoa alikuwa amejifunza kuyasoma masikio yale, yalikuwa yanatangulia kusema kabla ya mdomo, na siku hiyo yalikuwa mekundu.

"Yalikuwa mengi," alisema Remigius.

"Kuliko zamu nyingine?"

Remigius alikohoa. Filemon, aliyekuwa amekaa pembeni akichokonoa udongo kwa kijiti, aliinua kichwa, akangoja. Angeulizwa, angesema. Hakuulizwa.

"Kuliko nyingine," alisema Remigius.

Wazee walinong'onezana kidogo, si kwa muda mrefu. Elimringi akatamka kwamba zamu ya nyumba hiyo inakwenda kwa jirani wa chini mpaka masika. Akachota mbege kwa kibuyu, akanywa, akampa aliye kulia kwake. Shauri la mfongo likishanywewa haligeuzwi, ndivyo ilivyokuwa tangu enzi, hata chifu hakuthubutu kulifufua. Kibuyu kikazunguka. Kilipomfikia Remigius alikishika kwa mikono miwili, akakaa nacho kwa muda, watu wakadhani anaomba kimoyomoyo. Alichokuwa anafanya ni kujaribu kusema. Kisha akanywa, akampa mwenzake.

Njiani kurudi nyumbani walitembea mmoja mbele mmoja nyuma, kama ilivyo kawaida. Walipofika penye migomba minene, mahali ambapo hakuna anayesikia, Remigius alisema, nusu yake akiiambia njia:

"Ulikuwa mkonga. Najua ulikuwa mkonga."

Lukresia hakusimama. Alikuwa amebeba mtungi mtupu kichwani.

"Sasa unaniambia mimi," alisema. "Mimi nilijua siku ulipoupaka rangi."

*

Kesho yake asubuhi Remigius aliamka akakuta madebe mawili mlangoni. Yaliyokuwamo ndani yake zamani ni mafuta ya taa, na sasa yalikuwa yameoshwa, yamewekewa vijiti vya kushikia. Lukresia alikuwa na la tatu, lake. Mto uko chini kabisa bondeni, njia yake ni ya kuteleza, na kupanda na debe lililojaa ni kazi inayowapa wanawake wa Kibosho zile shingo zao.

Remigius aliuliza madebe hayo ni ya nani.

"Ya mwenye gari," alisema Lukresia. "Gari halipo. Mikono ipo."

Aliuliza kama alitaka watu wamwone yeye, Remigius, amebeba maji kama mwali. Mkewe alimjibu kwamba watu watamwona kweli, kwa sababu njia ni ile moja. Alisema pia kwamba akipenda anaweza kubaki ameketi hapo kungojea Mombasa, lakini miche haitangoja, na jioni ile hapatakuwa na mtu wa kupika, maana mpishi atakuwa mtoni. Hayo yote aliyasema huku anasokota kata ya majani ya mgomba ya kuweka kichwani. Alisokota ya pili, akamtupia.

Remigius aliidaka ile kata. Kisha akainama, akayachukua madebe yote mawili.

Alibeba vibaya, debe moja kila safari. Debe la kwanza lilimlowesha shati lote, la pili likafika nusu. Safari ya tatu walipokuwa wanavuka barabara pale bondeni, maji ya mfongo yalikuwa yamejaa tena, kwa maana ilikuwa zamu ya yule jirani wa chini. Lori la Filemon likatokea juu ya kilima limejaa akina mama na ndizi zao. Filemon aliwaona, akapunguza mwendo, akaingia majini taratibu ili asiwarushie, akatoka ng'ambo, akasimama. Juu ya mikungu vichwa vyote viligeuka. Mwanaume na debe kichwani hawakuwa wamewahi kumwona, tena mwanaume huyu.

"Baba Justina," aliita Filemon, na kwa kweli hakuwa na nia ya kudhihaki, "hayo maji ni ya nini?"

Lukresia alikuwa ametangulia. Hakugeuka, lakini aliacha kutembea.

Remigius alikuwa na maji yanayomchirizika kwenye nyusi. Angeweza kusema ni ya kuoshea gari. Angeweza kusema mama yake anaumwa. Alitazama wale akina mama, mmoja baada ya mwingine, yule aliyemdai nauli akiwa mbele kabisa.

"Ya miche," alisema. "Siku ile gari langu lilivuta maji kwa ule mkonga. Maji yalikuwa yale yale ya siku zote. Mke wangu hakukosa kitu."

Yule wa mbele alianza kucheka, akafuata wa pembeni yake, na lori zima likatikisika kwa kicheko, mkungu mmoja ukaporomoka barabarani. Habari hiyo ingefika sokoni kabla ya saa nne. Remigius alisimama katikati ya barabara, debe kichwani, mikono yote miwili juu, hana hata wa kujifutia uso.

"Usisimame," alisema Lukresia bila kugeuka. "Yanamwagika."